Kutazama ndege kwa kufuata Mto Athi, kutoka Machakos hadi Sabaki

Anayetaka kuwaelewa ndege wa mashariki mwa Kenya hana mwongozo bora kuliko Mto Athi. Mto huu ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na una urefu wa takriban kilomita 390. Hukusanya maji ya Nairobi na ya nyanda zilizo jirani, huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, huizunguka Machakos, kisha huteremka kati ya Makueni na Kitui hadi Tsavo. Ukishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki, na kwa jina hilo huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kando yake, au si mbali nayo, yapo mabonde yenye ndege asiyepatikana nje ya Kenya, mbuga ambamo ndege wahamiaji huvishwa pete usiku wa manane, msitu mkubwa wa pwani, na ghuba ya mikoko inayolisha ndege waliozaliana karibu na Ncha ya Kaskazini.

Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sehemu nzuri ya idadi hiyo huweza kuonekana katika safari hii. Wengi huikimbilia pwani moja kwa moja, wakitazama dirishani tu mpaka Mombasa. Safari ya mtazamaji wa ndege huanzia Machakos kwenyewe.

Machakos haina sifa kubwa miongoni mwa watazamaji, na kosa hilo ni la watazamaji, si la mahali. Kati ya mashamba ya mahindi na mbaazi, katika mabonde ya vijito vinavyoteremka kutoka vilimani, anaishi zogoyogo wa Hinde. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila Kenya, tena katika eneo dogo linaloanzia miteremko ya Mlima Kenya na kuishia Ukambani. Mtaalamu Mwingereza, Richard Bowdler Sharpe, ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1900, akampa jina la Sidney Langford Hinde, daktari aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza katika sehemu hizi. Ni ndege wa kahawia mwenye macho mekundu na kingo nyeupe kwenye manyoya, na mabaka yake hutofautiana sana kati ya ndege mmoja na mwingine. Huishi katika makundi madogo yenye kelele, na kundi zima hushirikiana kulisha makinda.

Mashamba yalipomeza vichaka vya asili, zogoyogo alihamia kwenye vichaka vya lantana vilivyoota kando ya vijito. Lantana ni mmea uliotoka bara la Amerika, na mkulima ana haki ya kuuona kuwa gugu. Lakini pale ambapo hakuna kichaka kingine, kufyeka lantana yote ya bonde kwa siku moja ni kulinyima kundi zima makao na mahali pa kutagia. Kinachofaa ni kufyeka kidogo kidogo huku miti na vichaka vya kienyeji vikirudishwa ukingoni mwa maji. Mabonde ya Machakos yameorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini kwa sababu ya kiumbe huyu mmoja, ingawa hayana uzio, lango wala tiketi. Karibu yote ni ardhi ya wakulima.

Upande wa magharibi wa kaunti, nchi hufunguka kuwa mbuga za nyasi za Athi na Kapiti. Hapo hutembea mbuni na karani tamba, na kuanzia Oktoba huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia: korongo weupe wanaofuata panzi, na vipanga wadogo wanaoelea juu ya nyasi wakitafuta wadudu. Mabwawa madogo ya kuhifadhia maji nayo yasidharauliwe, kwani bwawa la Maruba, lililo karibu kabisa na mji wa Machakos, ni mahali pa kujifunzia kutofautisha yangeyange, kulastara, kwarara na mdiria bila kutumia nauli kubwa.

Barabara ya Mombasa na reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye kituo Athi River, huelekea kusini-mashariki na kushuka kidogo kidogo. Hewa hupata joto, mibuyu huanza kuonekana, na hondohondo huruka kutoka mti hadi mti. Baada ya Mtito Andei msafiri anakuwa kati ya mbuga mbili za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948 zikiwa hifadhi moja.

Ndani ya Tsavo Magharibi, juu ya ukingo wa mlima, ipo hoteli ya Ngulia. Tangu mwaka 1969, wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakikutana hapo karibu kila mwaka, Novemba na Desemba, kwa kazi isiyo na mfano katika Afrika Mashariki. Ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya, Urusi na Asia husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na hisia nyinginezo. Katika usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka juu ya mlima, hupoteza mwelekeo na kuvutwa na taa za hoteli. Hushuka kwa maelfu. Watafiti huwakamata kwa nyavu nyembamba, huwapima bawa na uzito, huwavisha pete ndogo ya chuma yenye namba mguuni na kuwaachia. Mamia ya maelfu ya ndege wamepitia mikono hiyo, na baadhi ya pete zimepatikana tena maelfu ya kilomita kutoka Tsavo, Uarabuni na hata Urusi.

Kazi ya Ngulia ilifundisha jambo ambalo awali halikujulikana vizuri. Wengi wa ndege hao hawaji Kenya moja kwa moja kutoka kwao. Huondoka mwishoni mwa kiangazi cha kaskazini, hukaa wiki kadhaa Sudan au Ethiopia wakila na kunenepa, kisha huendelea kusini wakati mvua za vuli zinapokuwa zimeyachipusha majani ya Tsavo na kuwaamsha wadudu. Kwa hiyo vuli ikikosa kunyesha, hasara haimhusu mkulima wa Ukambani peke yake. Miongoni mwao yumo ndege mdogo wa matete anayezaliana katika mabwawa ya kusini mwa Iraki, ambaye sasa yumo hatarini kutoweka. Anayetaka kujua hali ya mabwawa yale anaweza kupata sehemu ya jibu kwenye nyavu za Ngulia.

Majira hayohayo huleta kozi wa Amur. Ndege huyu mdogo mwenye miguu myekundu huzaliana kaskazini-mashariki mwa China na mashariki mwa Urusi, hupitia India, na kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kituo. Akiifikia Afrika Mashariki, hushuka pamoja na mvua na kuwala kumbikumbi wanaopanda angani kabla ya kuendelea kusini mwa bara. Makundi yake huweza kuonekana juu ya Tsavo, na pia juu ya vilima vya Machakos, na mara nyingi hayatambuliwi kwa kuwa watu huwaona kuwa vipanga wa kawaida.

Kutoka Tsavo zipo njia mbili za kufika Malindi. Ya kawaida hupitia Mombasa. Nyingine, yenye vumbi lakini bora kwa anayetazama ndege, hukata ndani ya Tsavo Mashariki sambamba na Galana, ikipita karibu na maporomoko ya Lugard na kutokea lango la Sala. Mto hapa ni mpana, na rangi yake hufanana na chai ya maziwa. Rangi hiyo ina maelezo yake, yatakayofuata hapa chini.

Mlango wa Sabaki haufanani na picha za pwani zinazouzwa kwa watalii. Maji ni mekundu, ufuo una tope, na magogo yaliyosombwa kutoka bara yamelala mchangani. Ndege huupenda kwa sababu hizo hizo. Tope lililoletwa na mto limejaa minyoo, kamba na kaa wadogo, na vijisiwa vya mchanga ni mahali salama pa kupumzikia maelfu ya shakwe na membe. Heroe huja na kuondoka kwa misimu. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 9 hivi, hutua makundi ya ndege wadogo wa kahawia wanaoruka kama mbayuwayu, ambao huzaliana Madagascar na kuja kupisha majira ya baridi ya huko katika pwani hii. Wenyeji wa kijiji cha Sabaki wamejiunga katika vikundi vya uhifadhi na huwaongoza wageni. Kuwatumia ni jambo la busara, maana matope hubadilika kila mafuriko, na kiboko hana habari na mgeni.

Umbali mfupi kusini mwa Malindi ipo Watamu, na nyuma yake ghuba ya Mida. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na Mida imo ndani ya eneo hilo. Ghuba huingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, imezungukwa na mikoko, na maji yakipwa huacha wazi uwanda mpana wa tope na mchanga.

Kutazama ndege Mida ni kwanza kujua maji. Kwenye pwani ya Kenya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila siku na usiku, na saa za kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Katika bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Katika maji mafu tofauti hupungua sana. Bahari ikipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali, na mtazamaji huona vitone tu. Ikijaa kabisa, huondoka kwenda kupumzika kwingine. Wakati mzuri ni saa mbili au tatu kabla ya kujaa, maji yanaporudi taratibu na kuwasukuma karibu zaidi na ukingo. Majedwali ya maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari za Kenya, na wavuvi wa Mida huyajua maji bila jedwali. Anayefika saa sita mchana kwa sababu tu basi lake lilifika saa hiyo huweza kurudi akisema kwamba Mida hakuna kitu.

Wanaosubiriwa ni ndege wa ufukweni. Wadogo, ambao watu wa pwani huwaita vitwitwi, huonekana wote sawa mara ya kwanza. Tofauti huja kwa kutazama mdomo na namna ya kula. Mwenye mdomo mfupi hukimbia, husimama, hudonoa kitu alichokiona juu ya tope. Mwenye mdomo mrefu uliopinda chini huudidimiza topeni na kutafuta kwa kugusa. Kwa hiyo aina nyingi hula katika uwanda mmoja bila kunyang'anyana sana. Mmoja wa wenye mdomo uliopinda huzaliana kwenye nchi tambarare isiyo na miti kaskazini kabisa mwa Siberia, ambako kiangazi ni cha wiki chache. Hufika Mida kuanzia Agosti, na wengi huondoka Aprili, wakati huo manyoya yao ya kijivu yakiwa yamegeuka mekundu. Waliozaliwa mwaka uliotangulia aghalabu hubaki mwaka mzima, kwa hiyo hata Juni ghuba haiwi tupu.

Nyota ya Mida ni ndege mlakaa. Ni mkubwa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi unaoweza kuvunja gamba la kaa. Ndiye ndege pekee wa ufukweni anayetagia ndani ya shimo, analolichimba mwenyewe mchangani, na joto la mchanga humsaidia kuatamia yai lake, ambalo kwa kawaida ni moja tu. Mashimo hayo yapo kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi na pwani za Oman na Somalia. Wasomaji wa Kiswahili walioko Maskati wanaweza basi kuwaona ndege wale wale ambao jamaa zao wa Malindi huwaona miezi mingine. Jioni, katika majira ya kaskazi, mikoko ya Mida hupokea pia keremkerem wekundu wanaotoka kuwinda nyuki na kereng'ende bara na kurudi kulala kwa makundi.

Daraja la mbao lililojengwa juu ya mikoko humfikisha mgeni kwenye kibanda cha kujificha ukingoni mwa uwanda. Ada yake ilianzishwa kusaidia karo za watoto wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na ghuba, kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya. Kati ya njia zote za kuufanya utalii uwafae wenyeji, hii ni mojawapo ya zilizo wazi zaidi: mzazi anajua kuwa mkoko uliosimama una uhusiano na karo ya mwanawe.

Ng'ambo ya barabara ya Mombasa na Malindi umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Kwa macho ya haraka ni msitu mmoja. Kwa ndege ni mitatu. Upande wa mashariki ni mchanganyiko wa miti mikubwa, ukiwemo mbambakofi. Katikati ni mirihi iliyoota kwenye mchanga mweupe. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni vichaka vizito vilivyosongamana, na humo hukaa bundi wa Sokoke, mmoja wa bundi wadogo kabisa barani, mwenye urefu wa kiasi cha sentimita 17. Sayansi ilimtambua katika miaka ya 1960. Nje ya sehemu hii ya pwani ya Kenya anajulikana Usambara Mashariki, Tanzania, tu. Wako wenye rangi ya kijivu na wenye rangi ya kutu, na mchana hulala wakiwa wamebanana tawini kama majani makavu. Bila mwongozaji wa kijijini, mgeni atapita chini yao bila kuwaona.

Katika mirihi huruka kwera wa Clarke, mweusi na manjano, ambaye tangu alipoelezewa mwaka 1913 hakuna aliyejua kwa yakini alikotagia. Alionekana msituni miezi kadhaa, kisha akatoweka. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi, kwenye kinamasi cha msimu chenye matete mafupi. Karne nzima ilipita kabla ya fumbo hilo kufumbuliwa, na jibu lilikuwa nje ya hifadhi, mahali ambapo mkaa huchomwa na mashamba ya nanasi hupanuka. Kulinda Arabuko-Sokoke peke yake hakutamwokoa ndege huyo.

Kaskazini zaidi ni delta ya Tana, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2012, na visiwa vya Kiunga ambako membe hutagia. Kusini ni hifadhi ya bahari ya Kisite. Hizo ni safari za kujitegemea.

Turudi kwenye rangi ya maji. Tope la Sabaki ni udongo wa bara, na sehemu kubwa ya sifa hiyo, njema na mbaya, ni ya Ukambani. Katika miaka ya 1930 Machakos ilitajwa na maofisa wa kikoloni kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Serikali ilijaribu kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu mpaka mpango huo ukalegezwa. Watafiti waliosoma matabaka ya matumbawe ya Malindi wameona kwamba udongo unaofika baharini uliongezeka sana katika karne ya 20. Wakati wa kaskazi mkondo huubeba kusini, kwenye matumbawe ya Malindi, ambako hufunika viumbe vinavyohitaji mwanga. Wakati wa kusi huupeleka kaskazini, upande wa Mambrui.

Machakos ilijirekebisha kwa kiasi ambacho wataalamu wengi hawakukitarajia. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za kusaidiana, vilichimba matuta, hasa ya aina ya fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko ili maji na rutuba vizuiwe. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichochapishwa mwaka 1994, kilionyesha kuwa watu waliongezeka wilayani zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulipungua. Hata hivyo kazi haijaisha. Uchotaji wa mchanga hubomoa kingo za mito, na Athi hupokea taka za Nairobi. Ndege wa Sabaki wanahitaji tope, lakini tope safi na kwa kiasi; matumbawe yanalihitaji pungufu zaidi. Mkulima anayetunza tuta lake katika vilima vya Mua au Iveti anaihudumia pwani ambayo huenda hajaiona.

Vifaa vya safari si vingi. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha, pamoja na daftari, kofia, maji na kitabu cha mwongozo. Kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotolewa mwaka 2002, kinahusu Afrika Mashariki nzima. Miezi bora ni Oktoba hadi Aprili kwa wahamiaji wa kaskazini. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Kundi la ndege likipumzika lisikurupushwe kwa ajili ya picha, kwa sababu ndege anayejiandaa kuruka hadi Siberia hula kwa hesabu, na kila mruko wa bure humlia mafuta aliyoyaweka. Sauti zilizorekodiwa zisipigwe karibu na viota. Ndani ya Arabuko-Sokoke na Tsavo wapo tembo, hivyo kutembea bila mwongozaji ni hatari.

Anayeanza hana haja ya kungoja nauli ya Malindi. Chama cha Nature Kenya, kilichoanza mwaka 1909 kikiwa jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki, huendesha matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na wasio na uzoefu hukaribishwa. Kila Januari, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa, huwapo hesabu ya ndege wa majini katika maziwa, mabwawa na milango ya mito. Wanaohesabu wengi hujitolea, na wanahitajika zaidi. Mwenye macho mazuri na subira, awe wa Machakos, Voi au Watamu, ajiandikishe.